Altezza ya Zablon na Miaka Saba ya Kuwaza

Kama ulijifunza kuendesha gari Dodoma ndani ya miaka ishirini hii, huenda ulifundishwa na shemeji yangu. Na kama hukufundishwa naye, basi umeshawahi kukwama nyuma yake. Zablon Ndahani ni mwalimu wa udereva. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa anakaa kiti cha kushoto cha kigari chenye herufi L mbele na nyuma, mguu wake ukiwa juu ya breki ya pili, na kigari hicho kinatambaa mjini kwa mwendo unaowatoa watu jasho. Wanampigia honi, wanampita kwa hasira, wanamtolea mikono dirishani. Yeye anamwambia mwanafunzi wake, "Usijali, mama. Hao wote tutawakuta kwenye taa." Na kweli anawakuta kwenye taa, anawasalimia kwa kichwa.

Mimi ni Ritha, mdogo wake Angelina, mke wa Zablon. Kwetu ni Kibakwe, lakini nakaa Makole, nyumba ya tatu kutoka kwao, tangu nilipopata kazi bungeni ya kuandika yanayosemwa ukumbini, neno kwa neno. Kazi hiyo imenipa masikio makali na uvumilivu mdogo. Nawasikiliza watu wazima wakilizunguka jambo moja tangu asubuhi, halafu nikirudi nyumbani namkuta shemeji naye analizunguka la kwake. Nitamsimulia kama shemeji anavyomsimulia shemeji, kwa hiyo asitegemee huruma.

Jambo lenyewe lilikuwa gari. Miaka kumi na miwili iliyopita Zablon alinunua Altezza nyeupe, ya gia za mkono, gari la michezo lililo chini kiasi kwamba ukiingia ni kama umekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyemwelewa. Mtu anayelipwa kufundisha wenzake kwenda polepole, gari la kukimbia la nini? Lakini alilipenda, na sitaki kumcheka sana kwa hilo, maana nimeona wanaume wanaopenda vitu vibaya zaidi. Kila Jumamosi analiosha mwenyewe, ndoo moja ya sabuni, ndoo moja ya kusuuzia, na kwa vumbi letu hili likikauka tu linaanza kuwa jekundu tena. Mwenyewe hakereki. Anasema vumbi linampa sababu ya kulishika.

Siku Angelina aliposhikwa na uchungu wa Jenifa, Altezza ndiyo iliyotupeleka hospitali. Nilikuwa siti ya nyuma nimempakata dada yangu. Injini ile ingetufikisha kwa dakika tano. Zablon aliendesha mwendo wa arobaini, akasimama kwenye kila kivuko cha waenda kwa miguu, akawasha indiketa hata alipokwepa shimo. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kigogo, nilipoishiwa nikamtukana kwa Kiingereza cha bungeni. "Shemeji," aliniambia bila kugeuka, "unamsumbua dereva." Jenifa alizaliwa kwenye siti ile ile, tukiwa tumeshaingia getini, muuguzi anakuja mbio na mkasi mkononi. Leo ana miaka kumi na mmoja.

Sasa mtu huyo huyo, moyoni mwake, alitaka mashindano.

Kila Septemba, mavuno yakishaondoka shambani, klabu moja ya wapenzi wa magari hufunga njia za vumbi upande wa Haneti, na magari hukimbia moja moja kushindana na saa. Zablon alikuwa hayakosi mashindano hayo hata mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kushika bendera kwenye kona ya tatu, kuwaonya madereva kama mwenzao amepinduka mbele. Alikuwa anarudi jioni na vumbi hadi kwenye kope, anacheka peke yake, anakula bila kujua anakula nini. Nilimuuliza mara moja raha iko wapi katika kumwagiwa mchanga. Akanijibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeizoea, "Nataka nikimbie mimi, shemeji. Mara moja tu. Nijue ninaweza nini."



Tatizo ni kwamba klabu hairuhusu gari la mtaani. Lazima ndani liwe limejengwa mabomba ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka, na mabomba hayo yanachomelewa kwenye sakafu na nguzo za gari lenyewe. Kwa hiyo Zablon alikuwa na njia mbili. Aikate Altezza yake na kuigeuza, au anunue gari ambalo limeshakuwa la mashindano. Akiba yake ilitosha njia moja, si mbili.

Fundi wake ni Luka, mwenye gereji yake hapa hapa mjini, mtu wa maneno machache na chaki nyingi. Luka alimweleza wazi. Siti ya nyuma itoke, kapeti itoke, kiyoyozi kitoke, redio itoke, gari linyanyuliwe juu, sakafu itobolewe sehemu sita. Akapiga magoti akachora alama sita za chaki ndani ya gari. "Na nikishachomelea, mwalimu," alisema, "usije kuniambia nitoe. Halirudi." Zablon akaliangalia gari, akaziangalia zile alama, akasema atarudi. Alifika nyumbani akachukua kitambaa chenye maji, akazifuta alama zote sita, akiwa mpole kama anamfuta mtoto pua.

Alirudi kwa Luka mwaka uliofuata. Luka akachora, yeye akafuta. Akarudi tena. Katikati ya hapo alikuwa anaulizia magari ya mashindano ya watu: moja Arusha akaliona zee, moja Morogoro akaliona jipya mno, moja akasema rangi yake haimpi usingizi. Miaka saba! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku Zablon alipoanza kuwaza, sasa alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba, na shemeji yangu yuko pale pale na kitambaa chake. Luka mwishowe aliacha kupima upya. Aliandika vipimo vyote kwenye ukuta wa gereji, karibu na swichi ya taa.

Halafu Machi mwaka jana klabu ikatoa tangazo. Kuanzia msimu huo, mtu aliyefikisha miaka hamsini hatapewa leseni ya mashindano kwa mara ya kwanza. Zablon alikuwa na arobaini na tisa. Anatimiza hamsini mwezi Novemba. Alilisoma lile tangazo kwenye simu, akampa Angelina naye alisome, akanipa mimi, akachukua simu yake akalisoma tena. Ilikuwa ama Septemba hiyo, ama basi, maisha yake yote ni bendera kwenye kona ya tatu.

Dada yangu ni kiongozi wa kwaya, amezoea kusubiri watu wamalize kukohoa kabla hajaanzisha wimbo. Alisubiri siku tatu. Siku ya nne wakati wa chai ya asubuhi akasema, "Baba Jenifa, nunua la watu. Hili ni letu, mtoto kazaliwa ndani yake. Huwezi kulikata, na mimi sitaki ulikate. Nenda kanunue la watu, ukimbie, yaishe."

Na kwa kuwa mtu mwingine alikuwa ameamua, Zablon akaona ni rahisi. Wiki ile ile alikwenda Iringa akanunua gari la mwanamume mmoja anayeitwa Geofrey aliyekuwa anaacha mashindano. Lilikuwa gari la buluu lililochoka, milango miwili ya rangi tofauti, ndani kuna siti mbili na mabomba matupu. Lililetwa juu ya lori. Liliposhushwa, majirani walidhani ameuziwa chuma chakavu, na mimi sikuwakatalia.

Ua wao unaingia gari moja tu. La Geofrey haliruhusiwi kulala barabarani, kwa hiyo lililopaswa kuhama lilikuwa Altezza. Nilimwambia aliuze. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia amuuze Jenifa.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu hakuna anayelieleza, na kutokuelezwa ndiko kulikoleta yote. Baba yake Zablon, kule Haneti, hajawahi kuweka ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Wengine wako kwa rafiki huku, wengine kwa mjomba kule. Anayewekewa anachunga na kukamua, maziwa ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mchungaji analeta ngozi, na hapo hakuna neno. Karatasi haziandikwi. Adabu yake ni kwamba mchungaji haji kila mara kuuliza nifanye hiki, nifanye kile, maana ukiuliza sana unaonekana umechoka na mali ya mwenzio. Unaambiwa, "Mchunge kama wako," na kila aliyekulia kule anajua "kama wako" inaishia kwenye kisu. Utamkamua, utamtibu, utamhamisha malisho. Huchinji, huuzi, huhasi. Hilo halisemwi, kwa sababu kwetu hakuna asiyelijua.

Zablon akaiweka Altezza kwa Batholomeo.

Batholomeo ni mtu wa Bukoba, afisa kumbukumbu katika wizara moja, aliyeletwa Dodoma serikali ilipohamia. Alifika akiwa na miaka arobaini na mitatu hajui hata kuwasha gari. Alishindwa mtihani wa udereva mara tatu, akataka kukata tamaa, na Zablon akamfundisha jioni baada ya kazi, miezi minne, bila kumtoza chochote, hadi akapata leseni. Tangu siku hiyo Batholomeo angeweza kuingia motoni kwa ajili yake. Ana nyumba Ilazo, ua mpana, kibanda cha gari kizuri, na gari hana. Zablon alimpelekea funguo, akamwambia kwa adabu zote za kwao, "Lichunge kama lako. Liendeshe, liende nawe kazini. Na usiniulize ulize." Batholomeo akazipokea funguo kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuishi na ng'ombe wa mtu.

Mazoezi yakaanza. Kwenye mashindano hayo dereva ana mtu wa pembeni anayemsomea njia, na Zablon alimchukua Angelina, kwa sababu sauti yake inasikika juu ya injini yoyote. Walikuwa wanakwenda Haneti Jumamosi na gari la Geofrey. Jumamosi ya kwanza nilikwenda nao, nikakaa juu ya jiwe na saa ya kupimia. Nilidhani wameharibikiwa njiani. Walipotokea, vumbi halikuwepo, maana kwa mwendo ule vumbi halina sababu ya kuinuka. Kilomita kumi na nane za njia tupu, na shemeji yangu alikuwa ameangalia vioo vyote vitatu kabla ya kila kona.

"Baba Jenifa," nilimsikia dada akimuuliza waliposimama, "nyuma yetu kulikuwa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Sasa indiketa ulikuwa unamwashia nani?"

Zablon akavua kofia yake ngumu akaiweka magotini. "Hili gari silijui," alisema. "Sijui litafanya nini nikiliachia. Lile langu najua hata likikohoa linataka kusema nini." Alijaribu tena Jumamosi ya pili, ya tatu, hadi Agosti ikaisha. Muda wake ulipungua kidogo, lakini yeye alizidi kunywea. Niliogopa kwa ajili yake, nasema kweli. Watu nusu ya mji walijifunzia gari kwake, na wengi wao wangekuja Haneti kumtazama mwalimu.

Jumapili baada ya ibada akawa anakwenda Ilazo kuiona Altezza. Hakuigusa, kwa sababu mwenye ng'ombe akienda kutazama hakamui. Alikuwa anakaa kibarazani kwa Batholomeo, anakunywa chai, anaangalia gari lake likiwa kibandani, anaaga, anaondoka. Batholomeo alimwona mtu mwenye huzuni anayelitazama gari. Alikuwa amemsikia kwa miaka mingi akizungumzia kuligeuza gari hilo. Akajumlisha alivyojua yeye, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiulize, hakuuliza.

Wiki moja kabla ya mashindano, siku ya Jumamosi mchana, tulikuwa uani tunachambua mchicha, mimi na dada. Tukasikia ngurumo barabarani. Geti likafunguliwa, na Altezza ikaingia nusu, maana nusu nyingine haikupata nafasi. Ilikuwa juu, imenyanyuliwa, matairi ya vumbi. Batholomeo akatoka kwa kuruka bomba, suruali yake ya kazini ina alama ya grisi, uso wote ni furaha.

"Mwalimu!" aliita. "Njoo uone!"

Ndani kulikuwa na mabomba. Yamepita juu, yamepita pembeni, yamekutana nyuma mahali ambapo palikuwa na siti. Kapeti hakuna. Redio hakuna. Batholomeo alikuwa amelipeleka kwa Luka akamwambia ni kazi ya mwalimu, na Luka, aliyekuwa akisubiri siku hiyo kwa miaka saba, akasoma vipimo vyake ukutani akawasha mashine ya kuchomelea. Fedha zilikuwa za dari ya nyumba ya Batholomeo. Hadi leo sebule yake haina dari, unaona mabati.

Mimi nililipuka. Nilimwambia Batholomeo maneno ambayo kama yangesemwa bungeni ningelazimika kuyaacha nje ya kumbukumbu. Nilimuuliza nani alimtuma, nani alimpa ruhusa, kwao mtu akiazimwa kitu anakikata? Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. "Aliniambia kama langu," alisema kwa sauti ndogo. "Lingekuwa langu, ningempa hivyo."

 Angelina aliinama akachungulia ndani. "Siti ya nyuma iko wapi?" aliuliza.

"Iko kwangu, mama Jenifa. Kila kitu kiko kwangu. Siti iko sebuleni, nimeifunika shuka safi. Hakuna anayeikalia."

Zablon alikuwa amesimama. Alilizunguka gari lote, taratibu, mkono wake ukipita juu ya bodi. Akaingia, kwa shida, akainua mguu juu ya bomba akajipenyeza, akakaa. Nikaona mkono wake unakwenda mahali pa redio, unakuta tundu, unarudi mapajani.  Halafu akatoka, akamwambia Batholomeo, "Funguo," akapewa, akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango. Batholomeo alisubiri kidogo karibu na geti, kisha akaondoka kwa miguu, na mimi sikumsindikiza.

Wiki nzima Zablon hakumtaja. Simu ya Batholomeo ikiita alikuwa anaiangalia hadi inyamaze. Kazini alikwenda kwa bodaboda, mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa na gari moja la kutembelea na hana la mashindano, na sasa ana mawili ya mashindano na la kutembelea hana. Nilitaka kumtania kwa hilo. Nilimwona anavyotembea nikaacha. Ijumaa jioni Angelina alimuuliza waende na gari gani kesho.

"La Geofrey nimelifanyia mazoezi," alisema.

"Najua."

"Lile limeshakatwa, mama Jenifa. Nikiliacha hapa, litakuwa limekatwa bure."

Haneti ilikuwa imejaa. Niliona makarani, madereva wa wizara, wauguzi, padri mmoja, mama wa duka la dawa, wote waliowahi kukaa kwenye kile kigari cha L. Batholomeo naye alikuja. Nilimwona mbali, amesimama nyuma ya mama mmoja anayeuza chai, amejificha vibaya kwa urefu ule. Hasira zangu zilikuwa bado zipo, lakini sikuweza kumtazama mara mbili.

Magari kumi na sita yalikuwa yakimbie. Zablon alikuwa wa kumi na moja. Nilikwenda kusimama kwenye kona ya tatu, nikajifunga khanga kiunoni. Tukasikia injini kabla hatujaona kitu. Halafu vumbi likapanda nyuma ya mashamba, vumbi la kweli, na Altezza ikatokea ndani yake, nyeupe bado, inakuja. Ilifika kwenye kona ikakaa upande, nyuma inakwenda kwake, mbele inakwenda kwake, na sikuona vioo vikiangaliwa wala indiketa ikiwaka. Sauti ya dada yangu ilitoka dirishani, "Kulia, kulia, achia!" na Zablon akaachia. Wakapita. Mchanga ulinijaa mdomoni kwa sababu nilikuwa napiga kelele. Mtu wa kando yangu, dereva wa wizara aliyefundishwa na Zablon, alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake mwenyewe. Nililia, na vumbi likageuka tope usoni mwangu.

Alikuwa wa saba. Si wa kwanza, si wa tatu. Hakupewa kombe wala cheti. Wa saba kati ya kumi na sita, mwalimu wa udereva wa miaka arobaini na tisa na gari ambalo hadi wiki moja nyuma lilikuwa na kapeti. Aliposimama, watu walimzunguka, wengine wanambeba, wengine wanamwita "Mwalimu! Mwalimu!" Angelina alitoka sauti imekauka, anacheka na kukohoa. Zablon alivua kofia yake ngumu. Alikuwa na sura ambayo sijaiona tena kwake, kama mtu aliyeletewa habari njema akiwa hajamaliza kuisoma.

Akaanza kuangaza macho. Alitupita mimi na dada, akawapita wanaomshangilia, akaenda hadi kwa mama wa chai. Batholomeo alijaribu kurudi nyuma, akagonga birika.

"Batholomeo," Zablon alisema. "Mimi nisingelikata lile gari. Nimejua leo. Ningefika hamsini, ningefika sitini, bado niko kwa Luka nafuta chaki. Wala haikuwa gari. Nilikuwa naogopa kuonekana siwezi, nikawa najificha kwenye kuchagua. Umenitoa. Nakushukuru."

Batholomeo akaanza kutabasamu, machozi yako karibu.

"Ngoja," Zablon alisema. "Nakushukuru, lakini sijakusamehe. Nilikuwa nalipenda vile lilivyokuwa. Mwanangu alizaliwa mle. Nina hasira na wewe na nina shukrani, yote mawili, na sijui kipi kitaisha kwanza."

"Nitasubiri, mwalimu," Batholomeo alisema. "Hata iwe miaka."

Zablon akamtazama, akapangusa vumbi kwenye kope kwa mgongo wa mkono.

"Subiri," akamwambia. "Lakini usisubirie kwako Ilazo. Subiria nyumbani kwangu."